Mama anasema harudi tena kwenye dripu

Shikamoo Mama Muuguzi,

Mimi ni binti wa kwanza nyumbani, na mimi ndiye ninayemuuguza mama. Ana miaka 52. Ana saratani, na siku 12 zilizopita alipata dripu yake ya kwanza ya kemo, yaani dawa za kuua saratani. Kwenye kadi imeandikwa sisplatini pamoja na dawa nyingine moja, na anatakiwa kurudi kila baada ya wiki tatu. Zimebaki siku tisa. Jana usiku alinitazama akasema, "Mwanangu, mimi sirudi."

Siku yenyewe ya dripu ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Alidungwa sindano mbili za kuzuia kutapika kabla ya kuanza, akakaa kitini saa nyingi, tukarudi nyumbani akinitania njia nzima. Usiku akala. Nikadhani yale tuliyokuwa tukisimuliwa na watu yametupitia mbali. Kesho yake jioni moyo ukaanza kumchafuka. Siku ya tatu alitapika mara 11. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Mwishoni ilikuwa nyongo tupu, hata maji ya kijiko hayakukaa. Siku ya nne ikapungua, ya tano akaweza kuketi.

Tulikuwa tumepewa bahasha mbili za vidonge. Ya kwanza ni ondansetroni, imeandikwa "akihisi kichefuchefu". Ya pili ni deksamethasoni, ameze kila asubuhi kwa siku tatu. Hiyo ya pili mama aliikataa. Asubuhi ile alikuwa mzima, akasema hawezi kulundika dawa juu ya dawa na haumwi, tena alishasikia kwamba ni dawa ya kuvimbisha uso. Ondansetroni nilimpa alipokwisha kuanza kutapika, akaitapika nayo.

Mama mdogo anamwambia avumilie. Anasema kutapika ni sumu inatoka, na ukiizuia unaifungia ndani pamoja na ugonjwa. Kaka naye ameleta metoklopramidi zilizobaki kwake, vidonge vingine vya kuzuia kutapika, anasema hizo ndizo kiboko. Mimi naziogopa. Mdogo wetu wa kiume, akiwa na miaka 19, alizimeza alipoumwa tumbo. Jioni yake shingo ikampinda, macho yakageuka juu, tukamkimbiza hospitali.

Kuna jingine linalonitisha. Juzi nilifungua pamba yenye spiriti nimsafishe mkwaruzo mkononi, akatapika palepale. Harufu tu! Nisisahau pia kukuambia kwamba ni mtu wa kutapika tangu zamani. Safari ya gari humsumbua kila mara, na mimba yangu ilimlaza hospitali.

Tulipokwenda kupima damu wiki iliyopita, daktari alimuuliza anaendeleaje. Akajibu, "Sijambo, nashukuru Mungu." Daktari akaandika, tukatoka. Nilitaka kusema, lakini niliona nitamvunjia mama heshima mbele ya watu, na sikutaka kuonekana namfundisha daktari kazi yake.

Naomba unisaidie. Ni sawa kuzuia kutapika huku? Zipo dawa zaidi ya hizi? Na nikifika mbele ya daktari nisemeje?

Binti anayeuguza

*

Marahaba, mwanangu. Pole wewe, na umfikishie mama pole yangu.

Nianze na neno la mama yako mdogo, kwa kuwa najua analisema kwa mapenzi, na likikaa kichwani mwa mgonjwa litamzuia kumeza hata dawa nzuri kabisa. Kemo ya mama iliingia kwa mshipa. Iko kwenye damu, inatoka mwilini kupitia figo na ini kwa mwendo wake. Anachotapika ni maji yake, chumvi zake na nyongo yake. Hakuna sumu iliyotoka siku ile ya tatu, na hakuna itakayofungiwa ndani kwa kuzuia. Wala kutapika sana si dalili kwamba dawa inaupiga ugonjwa sawasawa. Yuko anayetapika na uvimbe haupungui, na yuko ambaye hakutapika hata mara moja na uvimbe ukanywea. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo ndiyo, ni sawa kuzuia. Tena ni lazima. Sisplatini peke yake, isiposindikizwa na dawa za kuzuia, huwatapisha zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Iko kwenye kundi la juu kabisa la dawa zinazotapisha. Mama hakushindwa kuvumilia. Tena ameniumiza moyo aliposema harudi, maana naijua historia ya dawa hii. Iliporuhusiwa Marekani mwaka 1978, madaktari hawakuwa na kitu cha maana cha kuisindikiza, na wagonjwa walitapika kiasi cha kuikimbia tiba inayowasaidia. Mwaka 1981 ikaonekana kwamba metoklopramidi ya dozi kubwa mshipani inapunguza. Ondansetroni ikaja mwaka 1991, na aprepitanti, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, mwaka 2003. Njia imeshafunguliwa. Hakuna sababu ya mama yako kupitia waliyopitia wagonjwa wa zamani.

Sasa tuitazame ile siku ya tatu, kwa sababu jibu lako lote liko hapo.

Kutapika kwa kemo kunaingia kwa milango miwili, na haifunguki kwa wakati mmoja. Mlango wa kwanza uko tumboni. Kemo inapogusa seli za ukuta wa utumbo, seli hizo humwaga kemikali iitwayo serotonini, na serotonini huuchokoza mshipa mrefu wa fahamu unaotoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Ubongo ukipata taarifa hiyo, unaamuru kutapika. Hili hutokea ndani ya saa 24 za kwanza, na ondansetroni ndiyo inayolizuia. Sindano zile alizodungwa zilifanya kazi yake barabara, ndiyo maana mlirudi mkitaniana.

Mlango wa pili uko kwenye ubongo wenyewe. Unaendeshwa na kemikali nyingine, wataalamu wanaiita dutu P, na hufunguka taratibu baada ya siku ya kwanza kupita. Kwa sisplatini, kilele chake huwa kati ya saa 48 na 72, na unaweza kubaki wazi hadi siku ya tano. Soma tena barua yako uone: jioni ya siku ya pili, siku ya tatu mara 11, ya nne ikapungua, ya tano akaketi. Mama alifuata saa hiyo kana kwamba amesomewa kitabu.

Kwenye mlango huu wa pili ondansetroni haina nguvu nyingi. Deksamethasoni inayo. Vile vidonge mama alivyoviacha kwa kuwa "haumwi" ndivyo vilivyokuwa vimewekwa kulinda siku asizokuwa amezifikia bado. Simlaumu hata kidogo. Nani angemeza dawa ya kutapika wakati anacheka? Kosa ni letu tunaotoa bahasha dirishani bila kueleza kwamba dawa hii humezwa kabla ya kichefuchefu, kwa saa, mgonjwa awe mzima au awe hoi. Kichefuchefu kikishakomaa, tumbo lenyewe huacha kusukuma vitu kwenda chini, na kidonge hukaa juu kikisubiri kutapikwa. Uliliona hilo.

Hofu ya uso kuvimba inatokana na kumeza dawa za jamii hiyo kwa wiki na miezi. Siku tatu nne hazifanyi hivyo. Zinachoweza kufanya ni kumnyima usingizi, ndiyo maana ikaandikwa asubuhi, na ameze akiwa ametia kitu tumboni. Kama ana kisukari, semeni mapema, maana sukari itapanda siku hizo na itabidi ipimwe mara kwa mara. Kama hajui iwapo anacho, naomba aulizie.

Je, zipo dawa zaidi? Zipo, na hapa ndipo penye matumaini yangu makubwa kwa mama. Kwa sisplatini, miongozo ya wataalamu wa saratani siku hizi inapendekeza dawa nne zifanye kazi pamoja: moja ya jamii ya ondansetroni (granisetroni na palonosetroni ni ndugu zake, na palonosetroni hukaa mwilini muda mrefu zaidi), deksamethasoni, aprepitanti au ndugu yake, na olanzapini. Kila moja inazuia mahali pake. Aprepitanti ndiyo inayoufunga ule mlango wa dutu P moja kwa moja. Ya vidonge humezwa kama saa moja kabla ya dripu, kisha siku ya pili na ya tatu. Olanzapini humezwa usiku, kwa kawaida siku nne.

Juu ya olanzapini niseme neno, maana nimeona familia zikiirudisha. Ukisoma karatasi iliyo ndani ya boksi utakuta imeandikwa ni dawa ya magonjwa ya akili. Ni kweli, na hakuna aliyemdhania mama yako kuwa na ugonjwa wa akili. Dozi ya kuzuia kutapika ni ndogo na ni ya siku chache. Inaleta usingizi, kwa hiyo ameze wakati wa kulala, na akiamka usiku kwenda msalani umshike mkono. Kwa kichefuchefu chenyewe, kile cha kukaa nacho kutwa bila hata kutapika, ni miongoni mwa dawa zinazosaidia zaidi. Ikiwa aprepitanti haipatikani hospitalini kwenu, muulize daktari kuhusu hii. Upo mpango unaotambulika unaoitumia pamoja na palonosetroni na deksamethasoni.

Usijipangie wewe, hata kama umenielewa vizuri. Aprepitanti hupandisha kiwango cha deksamethasoni kwenye damu, hivyo daktari hupunguza dozi ya moja anapoongeza nyingine. Ondansetroni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa potasiamu na magnesiamu zikiwa chini, na mtu aliyetapika mara 11 juu ya sisplatini yuko karibu sana na hali hiyo. Mpelekee daktari dawa zote anazotumia mama, pamoja na za presha, za usingizi na zile za miti kama zipo. Ondansetroni pia hufunga choo na kuumiza kichwa. Choo kikifunga siku nyingi, kichefuchefu hurudi kwa njia hiyo, na watu huongeza ondansetroni zaidi, choo kikazidi kufunga. Uliza dawa ya kulainisha choo mapema.

Metoklopramidi za kaka, mwambie asante, azichukue. Lililompata mdogo wenu linajulikana vizuri na lina tiba: dawa hiyo huzuia dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza misuli, kwenye ubongo, na kwa baadhi ya watu, vijana hasa, misuli ya shingo, taya na macho hukakamaa. Sindano ya kutibu huilegeza, mara nyingi kwa muda mfupi. Iandikwe kwenye kadi ya huyo kijana, aitaje kila anapotibiwa. Kwa mama, tatizo ni jingine. Olanzapini nayo inazuia dopamini, na ukizipa zote mbili unaongeza hatari hiyohiyo. Hata inapotumika yenyewe, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishaelekeza mwaka 2013 kwamba isizidi siku tano, na kwa mtu mzima isizidi miligramu 30 kwa siku. Haifai kabisa kwa mtu ambaye utumbo wake umeziba, na saratani inaweza kuuziba. Daktari akiiandika yeye, sawa, amepima. Ya kuokota kabatini hapana.

Akitapika muda mfupi baada ya kumeza kidonge, tuseme ndani ya nusu saa, au ukikiona kidonge kwenye matapishi, piga simu wodini uulize kama arudie. Omba pia ondansetroni ile inayoyeyuka juu ya ulimi. Haihitaji maji. Ipo na ya kuwekwa njia ya haja kubwa, na mambo yakizidi kuna sindano.

Kuhusu spiriti. Hilo ndilo lililonifanya nikujibu haraka. Ubongo wa mama umejifunza. Umeifunga pamoja harufu ile, kiti kile na mateso ya siku ya tatu, na sasa harufu pekee inatosha kuamsha kutapika. Wengine huanza wakiliona jengo la hospitali. Hajifanyi, na kumkemea hakutamsaidia. Kinga yake kubwa ni kwamba mzunguko ujao usitapishe, kwa kuwa kila mara anapotapika somo linazidi kukaa. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo uliyoniambia. Ipo dawa ya kutuliza, lorazepamu, inayoweza kutolewa usiku wa kuamkia dripu na asubuhi yake. Waombe manesi wamkalishe kiti kingine, mbali na meza ya dawa. Mzoeze kuvuta pumzi polepole kuanzia sasa akiwa nyumbani ametulia, asingoje siku yenyewe, na siku hiyo awe na kitu cha kusikiliza anachokipenda. Nyumbani, vyakula vya moto vina harufu, vilivyopoa havina sana. Kidogo kidogo, mara nyingi.

Sasa daktari.

Mwanangu, "sijambo" ya mama yako nimeisikia maisha yangu yote ya kazi. Mtu anaulizwa hali, ulimi unajibu salamu. Mgonjwa ameinamisha kichwa kwa maumivu anasema hajambo, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Daktari aliyeandika "anaendelea vizuri" hakudanganya, aliandika alichoambiwa. Na kumbuka: yeye alimwona mama siku ya kwanza, siku ambayo dawa zilimlinda. Siku ya pili hadi ya tano zilipita nyumbani kwenu, na aliyeziona ni wewe. Usipozisema, hospitali itarudia dawa zilezile kwa imani kwamba zilitosha.

Kwa hiyo hufundishi kazi. Unapeleka taarifa ambayo hawana. Mwombe mama ruhusa kwanza, leo, mkiwa wawili tu: "Mama, naomba siku hiyo niruhusu nieleze mimi yale ya usiku." Wengi hukubali, na hujisikia nafuu kwamba hawatalazimika kulalamika wenyewe.

Kisha andika. Siku, saa, mara ngapi alitapika, nini kilikaa tumboni. Kichefuchefu ukiandike peke yake, kutapika peke yake, maana mtu anaweza asitapike na bado ashinde kitandani hawezi kuinua kichwa. Mwambie akipe alama toka 0 hadi 10. Chukua bahasha zote mbili na vidonge vilivyobaki. Useme wazi kwamba deksamethasoni hakumeza. Hilo usilifiche hata mama akikukonyeza, kwa sababu daktari akidhani alimeza na ikashindwa, atabadilisha mambo ambayo hayakuwa na kosa. Useme pia habari ya safari za gari, ya mimba yako, na kwamba ni mwanamke. Yote hayo huongeza uwezekano wa kutapika, na mara nyingi hakuna aliyeuliza.

Unaweza kusema hivi: "Daktari, siku ya kwanza mama alikuwa salama. Siku ya tatu alitapika mara 11, maji hayakukaa. Vidonge vya asubuhi hakumeza. Sasa akinusa spiriti anatapika, na anasema harudi. Tunaomba mpango wa siku tano, si wa siku moja." Kisha nyamaza, umwachie.

Kama siku hizo zitarudi kuwa mbaya licha ya yote, usingoje asubuhi ikiwa hajaweza kushikilia maji kwa saa 24, mkojo umekuwa kidogo na mweusi au haupo, anaona kizunguzungu akisimama, au amechanganyikiwa. Sisplatini inaumiza figo, na figo zisizo na maji huumia mara mbili. Damu kwenye matapishi, tumbo kujaa bila choo wala hewa kutoka, kichwa kuuma vibaya: hospitali. Joto likifika nyuzi 38, hata kama hajatapika kabisa, hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, kwa sababu kinga ya mwili iko chini.

Kurudi au kutorudi ni uamuzi wa mama. Mwambie tu nimemwomba asikate shauri kwa kupimia mzunguko ule, maana aliupitia akiwa na nusu ya kinga yake. Na usingoje siku ya tisa kuyasema haya. Dawa nyingine huagizwa, na aprepitanti inatakiwa iwe mkononi kabla dripu haijaanza. Piga simu kliniki kesho asubuhi, uombe dakika kumi na daktari au na muuguzi wa kemo, uende na daftari lako.